Kona Isiyodanganya: Mwongozo Kamili wa Kupata na Kuhakiki Pembe Mraba

Swali linalojirudia ni hili: "Nimepima tatu, nne, tano kama nilivyoelekezwa, mbona chumba bado kimepinda?" Kanuni hiyo, ya pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5, haina kosa. Kosa huwa kwenye namna vipimo vilivyochukuliwa, na zaidi ya hapo kwenye ile tabia ya kuiamini kona kwa sababu tu imewekwa kwa kanuni sahihi. Kona mraba, yaani ya digrii 90, huwekwa kwa njia moja na kuhakikiwa kwa njia nyingine. Ukilishika hilo, mengi yaliyobaki ni kazi ya mikono.

Tunaanza ardhini, maana huko ndiko wengi hukwama. Halafu ukutani, kwenye karatasi, kwenye maumbo ya jiometri, na mwisho kwenye vitu vya asili. Kama shida yako ni hesabu za darasani tu, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya bikari.

## Andaa hivi kwanza

Kwa kazi ya ardhini:

- Tepu ya kupimia, ya chuma ikiwezekana, iliyo ndefu kuliko kipimo cha kona kwa kona cha eneo lako.
- Vigingi vilivyonyooka, visivyopungua sita, na misumari midogo ya kugongea vichwani mwake.
- Uzi wa fundi. Kama unavutika, utumie kuonyesha mstari tu, usiutumie kupimia urefu.
- Nyundo, pimamaji (kifaa chenye povu cha kukagua usawa) na timazi (uzi wenye uzito mwishoni).
- Mtu wa pili. Wa tatu akipatikana, kazi inakwenda kwa kasi zaidi.

Kwa karatasi na mbao: penseli iliyochongoka, rula, bikari isiyolegea, guni (kifaa cha kupimia kona mraba), na karatasi tupu moja au mbili.

Kwa sehemu ya asili: chumvi ya mawe, maji ya moto, sahani bapa na kioo cha kukuzia. Kikokotoo cha simu kinatosha kwa hesabu zote zilizomo humu.

## Hatua ya 1: Ijaribu guni yako kabla ya kuiamini

Guni, ambayo mafundi wengi huiita skwea, ikianguka vibaya mara moja tu inaweza kupinda bila jicho kuona. Mwenyewe ataendelea kuitumia miaka, na kila kona anayoipima itakuwa na kosa lilelile.

Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka. Egemeza mpini wa guni kwenye ukingo huo, kisha piga mstari kwa penseli. Sasa igeuze guni ili ulimi wake ulalie upande wake wa pili, mpini ukiwa bado kwenye ukingo uleule, na upige mstari mwingine ukianzia kwenye nukta ileile ya ukingoni.

Imekaa sawa ikiwa: mistari miwili imelaliana ikaonekana mmoja.

Imeharibika ikiwa: mistari inaanza pamoja kisha inaachana. Nafasi iliyo kati yake ni maradufu ya kosa la guni, kwa sababu mara ya kwanza iliegemea upande mmoja na mara ya pili ikaegemea upande wa pili kwa kiasi kilekile. Mistari ikiachana milimita 2 kwenye urefu wa sentimita 30, guni imekosea milimita 1. Unaweza kusema ni kidogo. Lakini ukiiongeza kona hiyo hadi ukuta wa mita 6, milimita 1 imekuwa sentimita 2.

Onyo: ukingo wa ubao ukiwa umepinda, jaribio zima ni bure. Uchungulie kwa jicho moja kutoka mwisho wake kabla ya kuanza.

Hapo hapo utaona kwa nini guni haifai kuwekea kona ya jengo. Ni kifaa cha mbao, fremu na matofali. Kona kubwa inataka pembetatu kubwa.

## Hatua ya 2: Weka mstari wa msingi

Chagua upande mmoja utakaokuwa bwana wa pande zote, mara nyingi ule mrefu au ule unaotazama barabara. Gonga kigingi kila mwisho, gonga msumari katikati ya kichwa cha kila kigingi, kisha funga uzi na uukaze hadi usining'inie.

Msumari una sababu yake. Kichwa cha kigingi kina upana wa sentimita kadhaa. Ukipima leo kutoka ukingo wa kushoto na kesho kutoka ukingo wa kulia, umeshapoteza usahihi kabla hujaanza. Kuanzia hapa, kila kipimo ni msumari hadi msumari.

Mstari huu ukishawekwa hauguswi tena. Kosa lolote litakalojitokeza mbele litasahihishwa kwa kusogeza vigingi vya upande wa pili. Wanaosogeza kila kigingi kinachoonekana kibaya huishia kuzunguka eneo zima mchana kutwa.

## Hatua ya 3: Pembetatu ya tatu, nne, tano

Kanuni ya Pythagoras inasema kwamba katika pembetatu mraba, vipeo vya pili (yaani namba ikizidishwa kwa yenyewe) vya pande mbili fupi vikijumlishwa vinalingana na kipeo cha pili cha upande mrefu, yaani haipotenusi. Sisi tunaitumia kinyumenyume: pande zikitii hesabu hiyo, pembe inayotazamana na upande mrefu haina budi kuwa digrii 90. Kipeo cha pili cha 3 ni 9, cha 4 ni 16, jumla 25, na 25 ni kipeo cha pili cha 5.

Fanya hivi:

1. Kigingi cha kona kiite A. Kutoka A, pima mita 4 juu ya uzi wa msingi, gonga kigingi B na msumari wake.
2. Mtu mmoja ashike mwanzo wa tepu kwenye msumari wa A. Nyosha mita 3 kuelekea upande wa kona mpya na uchore tao fupi ardhini kwa ncha ya msumari.
3. Sasa tepu ianzie B. Nyosha mita 5 na uchore tao jingine litakalokata lile la kwanza.
4. Gonga kigingi C hapo matao yanapokatana, na msumari wake juu.
5. Pima upya pande zote tatu, kutoka msumari hadi msumari. Kigingi hupenda kuhama kinapogongwa.

Imekaa sawa ikiwa: vipimo vyote vitatu vimerudi vilevile, na hakuna hata kimoja kilichosemwa kuwa "kama tano hivi."

Upande unaopaswa kuogopwa zaidi ni ule wa 5. Ukikosea sentimita 1 kwenye upande huo, kona imekosea takriban digrii 0.24, na ukuta wa mita 12 utakuwa umehama sentimita 5 mwishoni mwake. Kosa hilohilo la sentimita 1 kwenye upande wa 3 lingekuwa na madhara pungufu kwa asilimia 40 hivi. Kwa hiyo mtu makini kuliko wote ndiye ashike tepu ya 5.

### Ukubwa wa pembetatu ndio unaoamua

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kwa kuwa 3, 4, 5 ni uwiano, mtu anaona sentimita 60, 80 na 100 zinatosha, maana hazimhitaji kuinuka. Kwenye karatasi ni sahihi. Ardhini, kosa lilelile la sentimita 1 kwenye upande mrefu linageuka kuwa zaidi ya digrii 1, na ule ukuta wa mita 12 unahama sentimita 25. Tumia 6, 8 na 10 kwa mita, na kosa hilohilo linashuka hadi sentimita 2.5.

Mkono wako haubadiliki. Hukosea kiasi kilekile kwenye pembetatu ndogo na kubwa. Kinachobadilika ni uzito wa kosa hilo. Tumia pembetatu kubwa kadiri eneo na tepu vitakavyoruhusu.

Kama eneo halikubali 3, 4, 5, jaribu 5, 12, 13 kwa sehemu nyembamba na ndefu, au 20, 21, 29 kwa sehemu iliyokaribia umbo la mraba. Ipo pia 8, 15, 17. Na wala hulazimiki kutafuta namba nzima: kwa pande za mita 8 na 12, jumlisha 64 na 144 upate 208, bonyeza kipeuo cha pili, na upande mrefu ni mita 14.42.

Onyo kuhusu tepu: ndoano ya mwanzo wa tepu hucheza kidogo kwa makusudi, ili kufidia unene wake unapovuta au kusukuma. Ikiwa imepinda au imelegea kupita kiasi, anzia kwenye alama ya sentimita 10 na usome mwisho ukiwa umeongeza 10. Kusahau kuongeza hiyo 10 ni jambo la kawaida sana, kwa hiyo msomaji na mshikaji waitane kwa sauti: "Kumi huku!" "Mia tano na kumi huku!"

## Hatua ya 4: Tepu ilale usawa, hata ardhi ikilala mteremko

Kanuni ya Pythagoras inahusu eneo bapa. Ukilaza tepu juu ya mteremko, unapima urefu wa mteremko, na kona inaharibika hata kama umesoma namba kwa usahihi wote.

Chukua mita 5 zilizopimwa kwenye ardhi inayoshuka sentimita 50. Urefu wake halisi wa usawa ni mita 4.975 tu. Umekula sentimita 2.5 bila kujua, na tumeshaona hapo juu sentimita 1 peke yake inavyosumbua.

Dawa yake ni hii: mtu wa upande wa chini anainua tepu hadi ilingane na upande wa juu, pimamaji ikithibitisha, kisha timazi inashushwa kutoka kwenye namba hadi ardhini. Mahali ncha ya timazi inapogusa ndipo alama inapowekwa. Subiri timazi itulie. Kwenye upepo, ikinge kwa mwili wako.

Mteremko ukiwa mkali, pima kwa vipande vifupi kama ngazi. Usijaribu kushika tepu ya mita 10 hewani. Italegea katikati, na tepu iliyolegea husoma urefu mkubwa kuliko uliopo.

## Hatua ya 5: Funga umbo lote

Una kona ya A. Vuta uzi kutoka A kupitia msumari wa C hadi urefu kamili wa upande wa pili. Hakikisha uzi unagusa msumari wa C bila kuusukuma.

Kisha nenda mwisho wa pili wa mstari wa msingi na urudie Hatua ya 3 huko. Usiiweke kona hii kwa kupima tu umbali kutoka uzi wa kwanza. Kona mbili zilizowekwa kila moja kivyake zitashuhudiana. Kona moja iliyonakiliwa itarudia uongo wa mwenzake. Upande wa nne unajifunga wenyewe kwa kupima urefu.

Imekaa sawa ikiwa: upande wa nne una urefu sawa na mstari wa msingi. Ukipishana kwa zaidi ya sentimita 1 kwenye jengo la kawaida, rudi ukague kona ya pili kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 6: Pima kona kwa kona

Huu ndio uhakiki wenyewe, na ndio watu wanaouruka. Pima mshazari kutoka kona ya kwanza hadi ya tatu, kisha kutoka ya pili hadi ya nne. Kwenye mstatili wa kweli vipimo hivi viwili ni sawasawa.

Lakini angalia: mishazari kuwa sawa peke yake hakutoshi. Trapeza (pembenne yenye pande mbili tu zilizo sambamba) yenye mbavu mbili zinazolingana nayo ina mishazari sawa, na haina kona hata moja iliyo mraba. Pande zinazotazamana kulingana peke yake nako hakutoshi, kwa sababu msambamba (pembenne ambayo pande zake zinazotazamana ni sambamba) uliolala upande nao hufanya hivyo. Masharti yote mawili yakitimia kwa pamoja, hakuna umbo jingine linaloweza kupenya, ni mstatili.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: pande mbili ndefu zilingane, pande mbili fupi zilingane, halafu mishazari ilingane. Fuata mpangilio huohuo. Ukianza na mishazari utajiona umemaliza mapema.

## Hatua ya 7: Mishazari ikipishana, sogeza namna hii

Tuseme eneo ni mita 8 kwa 6. Kwenye hesabu, mishazari yote inapaswa kuwa mita 10. Wewe umepata 10.02 na 9.98, tofauti ya sentimita 4, huku pande zote zikiwa sawa. Umbo limelala upande kidogo.

Usiguse mstari wa msingi wa mita 8. Vigingi viwili vya upande wa pili vinasogea pamoja, kwa kiasi kimoja, sambamba na mstari wa msingi, kuelekea upande unaoufupisha ule mshazari mrefu. Kiasi chenyewe kinapatikana hivi: nusu ya tofauti, zidisha kwa urefu wa mshazari, gawanya kwa urefu wa mstari wa msingi. Hapa ni 2 mara 10 gawanya kwa 8, yaani sentimita 2.5.

Kusogeza kigingi kimoja tu ni mtego. Mshazari mmoja utarekebika, upande mmoja utaharibika, na utaanza kuzifukuza sentimita kutoka kona hadi kona.

Imekaa sawa ikiwa: baada ya kusogeza, pande zimebaki kama zilivyokuwa na mishazari imekutana. Kwa pande za mita 6 hadi 10, ukishuka chini ya milimita 5 za tofauti umefanya kazi nzuri. Hamishia mistari kwenye vibao vilivyo nje ya eneo la kuchimba, ama sivyo jembe la kwanza litang'oa kila ulichokifanya.

## Pembe kati ya ukuta na sakafu

Hapa maumbile yenyewe yanakupa pembe mraba bure. Timazi huning'inia ikielekea mvutano wa dunia unakovuta, na maji yaliyotulia hujilaza kukatisha mwelekeo huohuo. Uzi wa timazi na uso wa maji tulivu hukutana kwa digrii 90 popote pale.

Ndiyo maana ukuta hukaguliwa kwa timazi na sakafu kwa pimamaji, kila kimoja peke yake. Ukiweka guni kwenye kona ya ukuta na sakafu ikakaa vizuri, umethibitisha tu kwamba viwili hivyo viko mraba kimoja kwa kingine. Vyote viwili vinaweza kuwa vimeinama pamoja.

Igeuze pimamaji pia, kama ulivyofanya kwa guni: isome, zungusha mwisho wake wa kushoto uje kulia, isome tena mahali palepale. Povu likihamia upande mwingine, kifaa ndicho kibovu.

## Kwenye karatasi: bikari, nusu duara na mkunjo

Kusimamisha mstari juu ya nukta iliyo katikati. Chora mstari na uweke nukta P. Ncha ya bikari ikiwa P, kata mstari pande zote mbili, upate A na B. Panua bikari ipite nusu ya urefu wa AB. Ukiwa A chora tao juu na chini ya mstari, kisha ukiwa B fanya vivyo hivyo bila kubadili upana. Matao yatakatana juu kwenye Q na chini kwenye R. Unganisha Q na P.

Sababu yake ni kwamba P na Q zote ziko umbali sawa kutoka A na B, hivyo mstari wake unaigawa pembe nyoofu ya digrii 180 katikati. Uhakiki ni R: rula ikipita Q na R lazima ipite juu ya P. Ikipita pembeni, bikari ililegea ukiwa njiani kutoka A kwenda B. Wanafunzi wengi hawachori matao ya chini kwa kuona ni kazi ya ziada, halafu wanashangaa kwa nini hawalijui kosa lao.

Nukta ikiwa mwisho kabisa wa mstari. Huwezi kukata pande zote mbili, basi tumia duara. Weka kitovu O nje ya mstari, kikiwa juu ya sehemu ya katikati ya mstari, si wima juu ya P. Chora duara linalopita kwenye P. Litaukata mstari tena mahali, paite A. Piga mstari kutoka A kupitia O hadi upande wa pili wa duara, ufike D. Unganisha P na D. Pembe ya APD ni mraba, kwa sababu AD ni kipenyo, na pembe yoyote inayokaa kwenye nusu duara ni digrii 90.

Ujanja huu haupewi heshima yake. Hautaki namba hata moja, na unafanya kazi kwa ubao au sakafu kwa kutumia kamba na misumari miwili.

Mkunjo. Chukua karatasi ya umbo lolote, hata iliyochanika. Ikunje mara moja upate ukingo ulionyooka. Ikunje tena ili ukingo huo ulale juu yake wenyewe barabara. Kona uliyoipata ni digrii 90, maana umeigawa 180 kwa 2. Itunze, utaihitaji mwishoni. Kona za karatasi ya dukani ni nzuri, lakini hii umeitengeneza mwenyewe na unajua kwa nini ni sahihi.

## Kuitambua ndani ya maumbo

Mchoro wa mtihani si lazima uwe umechorwa kwa vipimo, kwa hiyo macho yasikuamulie. Tafuta kijimraba kidogo pembeni mwa kona, au sababu.

Kwenye pembetatu, chukua upande mrefu kuliko zote, utafute kipeo chake cha pili, ulinganishe na jumla ya vipeo vya pili vya zile nyingine. Vikilingana, kuna pembe mraba. Upande mrefu ukizidi, pembe inayotazamana nao ni butu: kwa 5, 6 na 8, jumla ni 61 na upande mrefu ni 64. Ukipungua, pembe zote ni kali: kwa 7, 9 na 11, jumla ni 130 na upande mrefu ni 121. Pembetatu haiwezi kuwa na pembe mraba mbili, kwa kuwa zingemaliza digrii zote 180 na kuiacha ya tatu bila kitu.

Kwenye pembenne, tatu zikiwa mraba ya nne ni mraba. Kwenye msambamba, moja inatosha kuzithibitisha zote. Rombasi, pembenne yenye pande nne sawa, ndiyo inayowachanganya watu: kona zake zinaweza kuwa kali na butu, lakini mishazari yake daima hukatana kwa pembe mraba. Swali likitaja mahali mishazari inapokutana, pembe mraba iko hapo katikati.

Kwenye duara, mstari unaoligusa duara mahali pamoja tu hukutana na nusu kipenyo cha mahali hapo kwa digrii 90. Maswali mengi ya duara yanafunguka mara tu unapochora hicho nusu kipenyo kilichokosekana.

## Kwenye vitu vya asili

Beba ile kona ya karatasi. Shikilia sheria moja: pima kitu chenyewe, au picha iliyopigwa kwa kukielekea moja kwa moja. Picha ya pembeni hugeuza mraba kuwa trapeza.

### Chumvi: pembe mraba unayoweza kuikuza

1. Koroga chumvi ya mawe kwenye mililita 100 za maji ya moto. Gramu 36 hivi zitayeyuka; endelea hadi punje zikatae na kubaki chini.
2. Acha yapoe, kisha mimina maji ya juu tu kwenye sahani bapa. Punje zilizobaki zikiingia, fuwele nyingi ndogo zitashindana na hakuna itakayokua.
3. Weka mahali pasipo jua kali wala upepo, na usiisogeze. Maji yanahitaji kukauka polepole.
4. Fuwele zikionekana, chagua moja iliyojitenga, ikaushe, na uitazame kwa kioo cha kukuzia ukiwa umeiweka kwenye kona ya karatasi.

Imekaa sawa ikiwa: unaona kijisanduku chenye nyuso bapa, kingo zake zikilaliana na karatasi pande zote mbili. Chembe za sodiamu na klorini hujipanga kwa safu zinazokatana kwa digrii 90 pande zote tatu, na umbo la nje linafuata mpangilio huo.

Ukipata nyuso zilizobonyea katikati, zenye vidaraja, maji yalikauka haraka mno na kingo zikakua kuliko nyuso. Pembe bado ni mraba. Chumvi ya unga iliyotiwa dawa ya kuzuia kugandamana inaweza kukuharibia umbo, ndiyo maana nimetaja ya mawe.

Madini ya pairiti na galena nayo hutoa masanduku ya namna hii. Kalsiti haitoi: ukiivunja, vipande vyake vinafanana na sanduku lililosukumwa ubavuni, na karatasi itakuonyesha pengo mara moja.

### Mnanaa na rehani

Zungusha shina la mnanaa au la rehani kati ya vidole. Halizunguki vizuri, lina pembe nne. Kisha litazame kutoka juu. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, na kila jozi imegeuka takriban digrii 90 kutoka jozi iliyo chini yake, hivyo majani ya juu hayafuniki yale ya chini yake moja kwa moja. Hapa usitegemee usahihi wa chumvi. Kiumbe hai hukaribia tu.

Mti nao usikudanganye. Kwenye mteremko haukui mraba na ardhi. Unafuata mwelekeo wa timazi, kwa hiyo pembe yake na ardhi ni kali upande mmoja na butu upande wa pili.

### Matope yaliyopasuka

Tafuta dimbwi lililokauka kwa mara ya kwanza. Tope likikauka hujikunja na kuvutana, na ufa hufunguka kukatisha mwelekeo wa mvuto ulio mkubwa zaidi. Ufa ukishakuwepo, mvuto wa kukatisha kingo zake umekwisha. Unabaki ule unaokwenda sambamba nao. Kwa hiyo ufa mpya unaoufikia ule wa zamani hujipinda na kuugonga kwa karibu digrii 90. Weka kona ya karatasi kwenye makutano yenye umbo la herufi T, na utajua papo hapo ufa upi ulitangulia: ni ule uliopita moja kwa moja.

Tope lililolowa na kukauka mara nyingi lina sura tofauti. Makutano yake husogea kuelekea umbo la Y, nyufa tatu zikigawana digrii 360 kwa 120 kila moja, na hapo karatasi yako haitakaa popote.